Mabasi yenye kiungo katika usafiri wa viwanja vya ndege

Mabasi yenye kiungo katika usafiri wa viwanja vya ndege ni mabasi marefu ya sehemu mbili, yaliyounganishwa katikati kwa kiungo kinachopinda, ambayo hutumika katika njia za kawaida za usafiri wa umma kati ya mji na uwanja wa ndege. Basi la aina hii huwa na urefu wa takriban mita 18, wakati basi la kawaida la mjini lina mita 12. Kwa dereva mmoja linaweza kubeba watu zaidi ya mia moja, waliokaa na waliosimama.

Makala hii inahusu mabasi yanayopita katika barabara za umma na kutoza nauli kama mabasi mengine ya mji. Yasichanganywe na mabasi mapana yanayowachukua abiria kutoka mlango wa kuondokea hadi kwenye ngazi za ndege. Hayo, kama yale ya Cobus yanayoonekana katika viwanja vingi duniani, huwa na upana wa karibu mita 3 na hayaruhusiwi kutembea katika barabara za kawaida. Ingawa ni makubwa, kwa kawaida hayana kiungo.

Uwanja wa ndege una abiria ambao hawafanani na wa njia nyingine za mji. Wengine ni wasafiri wenye masanduku, wasioujua mji wala nauli yake. Wengine ni wafanyakazi wa uwanja, wanaosafiri kila siku, mara nyingi alfajiri au usiku wa manane. Basi refu linaweza kuwafaa wote, lakini pale tu barabara, vituo na namna ya kulipa nauli vinapolingana nalo. Miji iliyopuuza hayo ilijikuta na basi kubwa linalokwenda polepole.

Muundo

Sehemu mbili za basi lenye kiungo huungwa na sahani ya chuma inayozunguka, iliyofunikwa pande zote kwa kitambaa kigumu cha mpira kilichokunjwakunjwa kama kinanda cha akodioni. Abiria anaweza kutembea kutoka mbele hadi nyuma bila kutoka nje. Basi huwa na ekseli tatu: mbili chini ya sehemu ya mbele na moja chini ya sehemu ya nyuma.

Katika mabasi ya zamani injini ilikuwa katika sehemu ya mbele, nayo sehemu ya nyuma ilivutwa kama tela. Mfano maarufu ni Ikarus 280 ya Hungaria, iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1970. Zaidi ya mabasi 60,000 ya aina hiyo yalitengenezwa na kusambazwa hasa katika nchi za Ulaya ya Mashariki na Umoja wa Kisovyeti. Baadaye watengenezaji wa Ujerumani walihamishia injini nyuma kabisa, ili ekseli ya mwisho ndiyo isukume basi zima. Hatua hiyo iliwezesha sakafu ya mbele kuwa chini, karibu na ukingo wa barabara, jambo lenye faida kubwa kwa mtu anayeburuta sanduku au kusukuma kiti cha magurudumu. Lakini basi linalosukumwa kutoka nyuma linaweza kujikunja kama kisu cha mfukoni barabara inapoteleza. Kwa sababu hiyo kiungo chake hufungwa vifaa vinavyokizuia kupinda kwa ghafla.

Watu wengi hudhani kwamba basi refu namna hii haliwezi kukata kona za mjini. Kwa kweli sehemu ya nyuma hufuata ya mbele vizuri. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinaruhusu basi la namna hii kufikia urefu wa mita 18.75, na bado zinalitaka ligeuke ndani ya duara lenye nusukipenyo cha mita 12.5, sawa na basi fupi. Tatizo hutokea zaidi likisimama. Linahitaji kituo kirefu kilichonyooka, la sivyo milango ya nyuma hubaki mbali na ukingo. Mbele ya jengo la abiria, ambapo teksi, magari ya hoteli na watu wanaopokea jamaa zao hugombania kila mita, kupata nafasi hiyo si rahisi.

Mizigo na nafasi

Uwezo unaoandikwa katika karatasi za mtengenezaji huhesabu watu waliosimama wakiwa wamebanana, bila mizigo. Katika njia ya uwanja wa ndege hesabu hiyo haifiki. Sanduku kubwa lililosimamishwa sakafuni huchukua karibu nafasi ya mtu mmoja, tena halisogei likiombwa lipishe. Wasafiri pia hupenda kukaa karibu na mizigo yao kwa kuogopa wezi, hivyo hujazana karibu na milango huku nyuma ya basi kukiwa na nafasi.

Miji mingine huondoa viti kadhaa na kuweka rafu za mizigo badala yake. Mingine huacha eneo wazi karibu na mlango wa kati, ambalo asubuhi hutumiwa na wafanyakazi waliosimama na mchana hujaa masanduku. Hapa basi lenye kiungo lina faida juu ya basi la ghorofa. Mabasi yote mawili hubeba watu wengi, lakini ghorofa ya juu haimfai mtu mwenye sanduku la kilo 23, kwa sababu hawezi kupanda nalo ngazini wala hataki kuliacha chini peke yake. Katika basi lenye kiungo watu wote na mizigo yao wako juu ya sakafu moja.

Kuna pia hesabu ya muda wa kungoja. Tuseme abiria 600 wanatakiwa kubebwa kwa saa moja. Mabasi ya kawaida yenye nafasi ya watu 70 yatahitajika kupita mara 9, yaani kila baada ya dakika 7 hivi. Mabasi yenye kiungo ya watu 110 yatatosha kupita mara 6, yaani kila baada ya dakika 10. Kampuni huokoa mishahara ya baadhi ya madereva, lakini abiria wote 600 hungoja zaidi. Palipo na abiria wengi sana tofauti hiyo haionekani. Palipo na abiria wachache, na hasa usiku, basi refu linaweza kuwa kisingizio cha kupunguza safari, na wa kwanza kuumia ni mtu wa zamu ya saa kumi alfajiri.

Wafanyakazi wa uwanja

Vitabu vya watalii huyataja mabasi ya uwanja wa ndege kana kwamba ni ya wageni peke yao. Lakini uwanja mkubwa ni mahali pa kazi palipo kama mji. Schiphol, karibu na Amsterdam nchini Uholanzi, ina wafanyakazi zaidi ya 60,000 wa kampuni mbalimbali: wapakiaji mizigo, wasafishaji, wapishi, walinzi, mafundi na wauzaji wa maduka. Wengi wao hawafanyi kazi katika jengo la abiria bali katika maghala ya mizigo, karakana na ofisi zilizotawanyika pembezoni mwa uwanja, mahali ambapo treni haifiki.

Treni ya Schiphol husimama chini ya jengo la abiria na kuwafaa wasafiri. Mabasi ndiyo yanayowafikisha wafanyakazi kwenye malango yao. Kwa ajili hiyo uliundwa mtandao wa njia ulioitwa Sternet, na mwaka 2002 ilifunguliwa Zuidtangent, barabara maalumu ya mabasi kutoka Haarlem kupitia Schiphol hadi kusini-mashariki ya Amsterdam. Njia yake kuu, namba 300, ilitumia mabasi yenye kiungo tangu mwanzo. Kwa sehemu kubwa mabasi hayo hayachanganyiki na magari mengine. Yana madaraja yake na taa zinazoyapa kipaumbele, na abiria huweza kukadiria muda wa safari kama wa treni.

Boston: Silver Line

Mfano unaofundisha zaidi, kwa mema na kwa makosa, ni njia ya SL1 ya Silver Line mjini Boston, Marekani. Inaunganisha stesheni kuu ya South Station na Uwanja wa Ndege wa Logan, ulioko ng'ambo ya bandari. Safari za kwenda Logan zilianza mwaka 2005 chini ya mamlaka ya usafiri ya huko, MBTA.

Kutoka South Station basi hupita katika handaki lililojengwa kwa ajili ya mabasi peke yake, lenye vituo vya chini ya ardhi vinavyofanana na vya metro. Kwa kuwa moshi wa dizeli haukutakiwa humo, yalitengenezwa mabasi ya pekee yenye kiungo, ya kampuni ya Neoplan, yaliyoweza kutumia nguvu za aina mbili. Ndani ya handaki yalipata umeme kutoka nyaya za juu kwa fito mbili zilizosimama juu ya paa. Baada ya kutoka handakini yalifika kituo cha Silver Line Way. Hapo basi zima lilisimama, fito zikashushwa, injini ya dizeli ikawashwa, kisha safari ikaendelea. Abiria mgeni, mwenye hofu ya kuchelewa ndege, alikaa gizani bila kuelewa kwa nini taa zimezimika.

Kikwazo cha pili kilikuwa barabara. Kutoka Silver Line Way basi lilipaswa kuingia katika Handaki la Ted Williams, lililofunguliwa mwaka 1995 na kupita chini ya bandari. Karibu kabisa na hapo ipo njia fupi ya kuingilia handaki hilo, lakini ilitengwa kwa magari ya dharura na ya polisi. Kwa miaka mingi mabasi hayakuruhusiwa kuitumia. Yalizunguka mitaani kutafuta njia ya magari yote, na ndani ya handaki yalikwama katika foleni ileile iliyokwamisha teksi. Wakosoaji walisema kwamba mji ulijenga handaki la gharama kubwa kwa nusu ya safari, kisha ukaiacha nusu ya pili mikononi mwa foleni. Lawama hiyo haikuwa ya basi lenyewe, ila basi ndilo lililobeba jina baya.

Kuhusu mizigo, Boston ilifanya vizuri. Mamlaka ya uwanja, Massport, iligharamia mabasi 8 ya njia hiyo, nayo yaliwekewa rafu za masanduku na kupunguziwa viti. Basi husimama mbele ya kila jengo la abiria, si katika kituo kimoja cha mbali.

Mabadiliko yaliyosaidia zaidi yalihusu nauli. Wageni waliotoka ndani ya uwanja walipanda kwa mlango wa mbele mmoja mmoja, wakiuliza bei, wakitafuta sarafu na kubabaika mbele ya mashine, huku milango mingine ya basi la mita 18 ikibaki imefungwa. Mwaka 2012 Massport ilianza kuwalipia abiria wote wanaopanda Silver Line kutoka Logan. Nauli ikawa bure kwa upande huo, milango yote ikafunguliwa, na basi likaacha kungoja. Mpango huo ulianza kama jaribio ukaendelea. Anayekwenda uwanjani hulipa kama kawaida, kwenye lango la stesheni, kabla ya kufika kwenye basi.

Mabasi ya Neoplan yalistaafishwa mwaka 2023. Nafasi yake ilichukuliwa na mabasi yenye kiungo ya New Flyer, ambayo hutembea kwa betri ndani ya handaki na hayahitaji nyaya.

Berlin: uwanja usiokuwa na treni

Uwanja wa Tegel mjini Berlin ulifungua jengo lake maarufu la pembe sita mwaka 1974. Kulikuwa na mipango ya kupeleka treni ya chini ya ardhi huko, lakini haikutekelezwa. Mpaka ndege ya mwisho iliporuka tarehe 8 Novemba 2020, Tegel ilitegemea mabasi, ingawa mwaka 2019 ilipitisha abiria zaidi ya milioni 24.

Njia iliyojulikana sana ilikuwa TXL, iliyoitwa kwa herufi za utambulisho za uwanja wenyewe. Ilikwenda kupitia stesheni kuu ya reli hadi Alexanderplatz, na ilitumia mabasi yenye kiungo. Uchaguzi huo ulikuwa na maana katika mji ambao mabasi ya ghorofa ni sehemu ya sura yake. Njia ya X9 ilikwenda Zoologischer Garten, na ya 128 ilifika Kurt-Schumacher-Platz penye treni ya chini ya ardhi.

TXL haikuwa na barabara yake peke yake kwa sehemu kubwa ya safari. Ilipita katikati ya mji, mitaa yenye ujenzi na maandamano ya mara kwa mara. Wakazi walizoea kuondoka mapema. Nauli ilikuwa ileile ya mji mzima, bila nyongeza ya uwanja wa ndege, jambo lililowafanya wafanyakazi na wasafiri kupanda basi moja. Tegel ilipofungwa, uwanja mpya wa Berlin Brandenburg ulikuwa na stesheni ya treni chini ya jengo lake, na njia ya TXL ikafutwa.

Umeme

Njia za uwanja wa ndege zimekuwa mahali pa kwanza pa kujaribia mabasi marefu ya umeme. Sababu ni rahisi: njia haibadiliki, mabasi ni mengi mahali pamoja, na viwanja vyenyewe vinashinikizwa kupunguza hewa chafu inayozizunguka jamii jirani.

Mwaka 2018 kampuni ya Connexxion ilileta mabasi 100 yenye kiungo ya umeme, VDL Citea, katika njia za Schiphol na maeneo jirani. Wakati huo lilikuwa miongoni mwa makundi makubwa kabisa ya mabasi ya umeme barani Ulaya. Betri zake si kubwa sana, takriban kWh 170, kwa hiyo haziwezi kumaliza siku nzima kwa chaji moja. Basi hurudi kwenye eneo la kuchajia katikati ya siku, husimama chini ya mkono wa chuma unaogusa paa lake, na baada ya chini ya nusu saa huwa tayari. Hivyo ratiba ya madereva imepangwa kwa kufuata mapumziko ya betri pamoja na mapumziko ya watu.

Geneva, Uswisi, ilichagua njia nyingine. Mfumo uitwao TOSA ulionyeshwa mwaka 2013 kwa basi moja la majaribio kati ya uwanja wa ndege na ukumbi wa maonyesho wa Palexpo. Baadaye uliwekwa katika njia namba 23, inayotoka uwanjani kuelekea Carouge, kwa mabasi yenye kiungo ya kampuni ya Hess na vifaa vya ABB. Basi linaposimama kwenye baadhi ya vituo, mkono wa paani huinuka na kupokea umeme mwingi kwa sekunde 15 hadi 20, muda uleule abiria wanapopanda na kushuka. Mwisho wa njia hupata dakika chache zaidi. Kwa kuwa linachajiwa mara nyingi, linabeba betri ndogo, na uzito uliookolewa huachiwa abiria na masanduku yao. Ubaya wake ni kwamba njia haiwezi kuhamishwa kirahisi, kwa sababu mitambo imejengwa vituoni.

Nauli, moto na theluji

London ilitumia mabasi yenye kiungo kati ya 2002 na 2011, katika njia za katikati ya mji zaidi kuliko za viwanja vya ndege. Hata hivyo yaliyotokea huko huathiri mjadala popote. Abiria waliruhusiwa kupanda kwa milango yote mitatu, wakitakiwa kuwa na tiketi tayari. Basi lilisimama kwa muda mfupi kituoni, lakini watu wengi walipanda bila kulipa, na mabasi yakaitwa kwa utani mabasi ya bure. Mengine yalishika moto katika miaka ya mwanzo. Waendesha baiskeli pia waliyalalamikia. Boris Johnson aliahidi kuyaondoa alipogombea umeya mwaka 2008, na la mwisho liliacha kazi Desemba 2011.

Baadhi yalipelekwa Malta, kisiwa chenye barabara nyembamba. Agosti 2013, baada ya kadhaa kuungua ndani ya siku chache, serikali ya huko iliyaondoa barabarani. Kutokana na visa hivyo, mabasi yenye kiungo kwa jumla yalipata sifa mbaya kuliko ilivyostahili, kwani mamia ya miji iliendelea kuyatumia bila misukosuko hiyo.

Ukilinganisha London na Boston, tofauti iko katika nani anabeba hasara. Kufungua milango yote ndiyo faida kubwa ya basi refu. London iliifungua na kutegemea uaminifu na wakaguzi. Boston iliifungua kwa kumfanya mwenye uwanja alipe.

Theluji ni tatizo jingine. Ottawa, Kanada, ilifungua barabara zake maalumu za mabasi, Transitway, kuanzia mwaka 1983, na njia namba 97 ya kwenda uwanja wa ndege ilihudumiwa mara nyingi na mabasi yenye kiungo. Siku za theluji nzito mabasi ya aina hiyo hukwama kwenye miinuko kwa kujikunja, na kuziba barabara nzima. Miji kadhaa ya Amerika ya Kaskazini huyaondoa kwa muda siku hizo na kuweka mabasi mafupi. Mwaka 2025 treni ilifika katika uwanja wa Ottawa.

Afrika ya Mashariki

Nairobi, mabasi na matatu za namba 34 ndizo zinazojulikana kwa safari za kati ya mji na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta. Ni magari ya kawaida yasiyo na kiungo, nayo hushiriki barabara na foleni za magari mengine.

Dar es Salaam ndiyo iliyoyazoesha mabasi yenye kiungo kwa wakazi wake wa leo. Huduma ya mabasi yaendayo haraka, ambayo watu huiita mwendokasi, ilianza Mei 2016 katika Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kivukoni. Kundi la kwanza lilikuwa na mabasi 140, ya mita 12 na ya mita 18, yaliyotengenezwa na Golden Dragon ya China. Mabasi marefu yalipangwa katika njia kuu. Vituo viko katikati ya barabara, kwa hiyo milango ya mabasi ya njia kuu iko upande wa kulia, tofauti na daladala. Abiria hulipa kabla ya kuingia kituoni na kupanda kutoka jukwaa lililolingana na sakafu ya basi. Kwa mpangilio huo basi refu linaweza kutumia milango yake yote, sharti lililokosekana Boston kabla ya 2012.

Awamu ya tatu ya mradi huo, inayogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, inafuata Barabara ya Nyerere kutoka katikati ya mji hadi Gongo la Mboto. Barabara hiyo, iliyoitwa zamani Pugu Road, ndiyo inayopita kwenye Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere. Pia ina viwanda vingi na makazi ya watu wengi upande wa Ukonga na Gongo la Mboto. Makutano ya Tazara, yaliyokuwa maarufu kwa foleni, yalipata daraja la juu mwaka 2018, Daraja la Mfugale, lakini magari madogo, malori na daladala bado huelekea upande mmoja saa zilezile.

Kwa uwanja wa ndege, barabara ya mwendokasi ina faida na upungufu. Faida ni kwamba anayetoka Gerezani au Kariakoo kwenda uwanjani hupata njia isiyozibwa na magari mengine. Upungufu ni kwamba majengo ya abiria hayako juu ya barabara kuu. Jengo la Pili, linalotumiwa na safari za ndani, na Jengo la Tatu, lililozinduliwa Agosti 2019 kwa safari za kimataifa, yako ndani, na kutoka kituo cha barabarani msafiri hana budi kumalizia safari kwa miguu, teksi, bajaji au basi dogo la kuunganishia. Mfanyakazi asiye na mzigo hulimudu hilo kila siku. Mtu mwenye masanduku mawili na mtoto mgongoni, saa tisa usiku, hataweza.

Kulitoa basi la mita 18 katika barabara yake maalumu ili lizunguke mbele ya majengo ni jambo linalowezekana, lakini lina gharama. Abiria wa Gongo la Mboto, ambao ni wengi kuliko wasafiri wa ndege, wangezungushwa pamoja nalo kila safari. Pia basi lenye milango upande wa kulia lingehitaji jukwaa lake uwanjani, kwa sababu haliwezi kushusha watu kwenye ukingo wa kawaida wa kushoto. Njia nyingine ni kuwa na mabasi machache yenye milango pande zote mbili, yanayoanzia mjini na kuishia kwenye majengo ya abiria, huku mabasi marefu yakiendelea moja kwa moja hadi mwisho wa njia.